Kuua bila Kukusudia: Maana ya Kisheria na Maana ya Lugha

Utangulizi

Mtu akisimama kizimbani mahakamani Mombasa au Shanzu, akasomewa shtaka la kuua bila kukusudia, huenda akalijibu kwa maneno mawili tu: "Ni kweli." Maneno hayo ni mepesi kinywani, lakini uzito wake ni mkubwa, kwani sheria ya Kenya inaruhusu kosa hilo liadhibiwe hata kwa kifungo cha maisha. Swali linalotushughulisha katika makala haya ni hili: je, mtu huyo amekiri nini? Maana aliyoielewa yeye katika maneno "bila kukusudia" ndiyo ile ile iliyomo katika sheria, au kila upande unasema lake kwa maneno mamoja?

Swali hili si la wanasheria peke yao. Sheria ya Adhabu ya Kenya, ambayo ni Sura ya 63 ya sheria za nchi, iliandikwa kwa Kiingereza, ilhali wengi wa watu wa Likoni, Kisauni na Changamwe huijua kwa njia ya Kiswahili cha mkalimani. Kwa hiyo istilahi ya Kiswahili ndiyo mlango ambao mshtakiwa hupitia kuingia katika sheria. Mlango ukiwa mwembamba kuliko nyumba, atakwama; ukiwa mpana kuliko nyumba, ataingia asipopaswa kuingia. Tutaonyesha kwamba istilahi "kuua bila kukusudia" ina kasoro zote mbili kwa wakati mmoja. Kwanza tutaeleza sheria yenyewe inavyosema, kisha tutairejea lugha.

Asili ya sheria

Sheria hii haikuchipuka pwani. Kabla ya utawala wa Waingereza, kesi za damu katika miji ya Waswahili zilifuata sheria ya Kiislamu, na katika kaya za Wamijikenda zilifuata mila za wazee. Serikali ya kikoloni ilipoanza kutawala, iliingiza Sheria ya Adhabu ya Bara Hindi, ambayo ilitumika hadi mwaka wa 1930 ilipotungwa sheria mpya iliyofuata zaidi mawazo ya Kiingereza. Sheria hiyo ya 1930, pamoja na marekebisho mengi, ndiyo iliyopo hadi leo.

Vitabu vya sheria vya Uingereza huligawa kosa tunalolizungumzia katika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni la mtu aliyeua kwa nia ya kuua, lakini akapunguziwa kosa kwa sababu ya hali iliyomkuta, mathalan kuchokozwa. Fungu la pili ni la mtu aliyeua pasipo nia ya kuua wala ya kujeruhi vibaya, lakini kwa kitendo cha haramu au kwa uzembe mkubwa mno. Sheria ya Kenya haikuyatenga mafungu haya kwa majina. Imeyaweka yote chini ya jina moja na adhabu moja. Jambo hili dogo la mpango wa sheria ndilo lililozaa tatizo letu la lugha.

Sheria inavyosema

Kifungu cha 202 chasema kwamba mtu yeyote asababishaye kifo cha mtu mwingine kwa kitendo kisicho halali, au kwa kuacha kutenda kusiko halali, ana hatia ya kosa hili. Msomaji aone kwamba katika maelezo hayo nia haikutajwa hata kidogo. Vinavyotakiwa ni vitu vitatu tu: kifo cha mtu, sababu inayokiunganisha kifo hicho na mshtakiwa, na uharamu wa lile alilolitenda au aliloacha kulitenda.

Nia huingia katika kifungu cha 203, kinachoeleza kosa kubwa zaidi. Hicho chasema kwamba asababishaye kifo kwa kitendo kisicho halali, akiwa na dhamira ovu iliyotangulia, ana hatia ya kuua kwa kukusudia. Hivyo makosa haya mawili ni kama duara dogo lililo ndani ya duara kubwa. Kila kuua kwa kukusudia ni kuua kinyume cha sheria. Lakini si kila kuua kinyume cha sheria ni kuua kwa kukusudia. Dhamira ovu ndiyo inayolitenga duara dogo na kubwa.

Dhamira ovu nayo isifikiriwe kuwa ni chuki au mpango wa siku nyingi. Kifungu cha 206 kimeieleza kwa upana. Yumo anayetaka kuua. Yumo pia asiyetaka kuua, bali ataka kumjeruhi mtu vibaya. Yumo ajuaye kwamba kitendo chake yamkini kitaua au kitajeruhi vibaya, naye asijali litakalotokea. Hali kadhalika yumo anayekusudia kutenda kosa kubwa jingine la jinai, au kumsaidia mhalifu atoroke kifungo. Kijana wa Kisauni ampigaye mwenzake panga la shingo hawezi kujitetea kwa kusema, "Nilitaka kumtia adabu tu." Kwa mazungumzo ya kawaida pengine ni kweli kwamba hakukusudia kifo. Kwa sheria, alikusudia jeraha kubwa, na hilo latosha.

Kitendo kisicho halali

Tuchukue mfano wa kubuni. Vijana wawili wanagombania nauli katika kituo cha matatu cha Bamburi. Mmoja amsukuma mwenzake kifuani. Huyu aanguka, kichwa kikapiga ukingo wa saruji, na baada ya siku mbili akafa. Kusukuma ni shambulio, na shambulio ni kitendo kisicho halali. Msukumaji hakutaka kuua, wala hakutaka kujeruhi vibaya, wala hakujua kwamba yamkini msukumo ule ungeleta maafa. Dhamira ovu haipo. Lakini kifo kipo, sababu ipo, na uharamu upo. Huyu ndiye mtu wa fungu la pili hasa.

Je, ni kila kitendo cha haramu, hata kiwe kidogo namna gani? Mahakama za Uingereza, ambazo maamuzi yake husomwa sana katika mahakama zetu ingawa hayazifungi, zilisema mwaka wa 1965 kwamba kitendo hicho ni lazima kiwe cha namna ambayo mtu mwenye akili timamu angetambua kwamba kina hatari ya kumdhuru mwingine, japo kwa kiasi kidogo. Maana yake ni kwamba sheria haimhukumu mtu kwa bahati mbaya tupu iliyofuatana na uhalifu mdogo. Humhukumu kwa kuwa alianza kumdhuru mwenzake, na madhara yakavuka mpaka aliouwazia.

Kuacha kutenda na wajibu

Sehemu ya pili ya kifungu cha 202 ni ngumu zaidi kueleweka, nayo yahusu kuacha kutenda. Kwa kawaida sheria haimwadhibu mtu kwa kutomwokoa mwingine. Apitaye ufukweni Likoni akamwona mgeni anazama, asimtupie hata kamba, ana lawama mbele ya Mungu na mbele ya watu, lakini hana kosa la jinai. Hali hubadilika pale mtu anapokuwa na wajibu wa kuhifadhi uhai au afya ya mwingine, akauacha wajibu huo kwa uzembe wa kulaumika. Sheria imewataja baadhi ya wenye wajibu: mtu aliye na ulinzi wa mwingine asiyeweza kujitegemea kwa umri, maradhi au kifungo, mtu afanyaye kazi ya hatari, kama vile tiba ya upasuaji, na mtu aliye na kitu cha hatari mikononi mwake, kiwe chenye uhai au kisicho na uhai.

Katika Mombasa bara maneno hayo yana mwangwi wa msiba. Asubuhi ya tarehe 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe ilipinduka mara tu baada ya kuondoka upande wa Mtongwe kuelekea kisiwani. Chombo kilichokuwa cha watu 300 kilikuwa kimechukua watu wapatao 400. Waliokufa walikuwa 272, wengi wao wakiwa njiani kwenda kazini. Miaka ishirini na mitano baadaye, tarehe 29 Septemba 2019, gari liliteleza kutoka katika feri ya Likoni na kuzama pamoja na mama na mtoto wake. Zilipita siku kumi na tatu kabla ya miili yao kutolewa majini.

Makala haya hayakusudii kumtia mtu yeyote hatiani kwa maafa hayo. Tunayataja kwa sababu yanaonyesha maswali ambayo sheria hulazimika kuyauliza. Nani alikuwa na wajibu juu ya chombo: nahodha, aliyewafungulia abiria lango, au wakubwa waliojua hali ya chombo na idadi ya watu wakaruhusu safari iendelee? Wajibu huo uliachwa? Uzembe ulikuwa wa kiasi gani? Swali la mwisho ndilo gumu kuliko yote. Mtu mwenye uzembe mdogo atalipa fidia katika kesi ya madai. Lakini ili aitwe mhalifu, uzembe wake ni lazima upite kiasi. Mwaka wa 1925 mahakama ya rufani ya Uingereza ilisema, katika kesi ya daktari, kwamba uzembe wa jinai ni ule unaopita jambo la fidia baina ya watu wawili na kuonyesha kutojali uhai wa wengine. Mwaka wa 1994 Baraza la Malodi liliithibitisha njia hiyo katika kesi ya daktari wa dawa ya usingizi, ambaye hakutambua kwamba bomba la kumpa mgonjwa hewa lilikuwa limechomoka.

Pamoja na hayo, pana taabu katika maafa makubwa. Uzembe mara nyingi huwa umegawanywa kwa watu wengi, kila mmoja akiwa na kijisehemu chake. Kinapotazamwa peke yake, kila kijisehemu chaonekana kidogo. Vikijumlishwa vimeua watu mia mbili na sabini na wawili. Jinai hutafuta mtu mmoja wa kumnyoshea kidole, na aghalabu hushindwa kumpata. Ndiyo sababu watu wa Mtongwe wanaweza kusema kwa haki kwamba jamaa zao waliuawa, na mwanasheria naye akasema kwa haki kwamba hamwoni aliyeua.

Barabarani

Ajali za barabarani zina sheria yake. Dereva wa lori aendaye kwa kasi ya kuhatarisha watu katika barabara ya Changamwe, akamgonga mwenda kwa miguu akafa, kwa kawaida hushtakiwa chini ya kifungu cha 46 cha Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, ambacho adhabu yake haizidi miaka kumi. Hapo mshtaki hahitaji kuthibitisha uzembe uliopita kiasi. Yatosha kuthibitisha uendeshaji wa hatari uliosababisha kifo. Hata hivyo, kwa lugha ya mtaani, kisa hicho nacho huitwa kuua bila kukusudia. Jina ni moja, sheria ni mbili, na adhabu zatofautiana sana.

Uchokozi

Sasa tulitazame fungu la kwanza. Kifungu cha 207 chasema kwamba mtu aliyeua katika mazingira ambayo yangekuwa ya kuua kwa kukusudia, lakini akafanya hivyo akiwa katika ghadhabu iliyotokana na uchokozi wa ghafla, kabla ya ghadhabu hiyo kupoa, ana hatia ya kosa dogo na si la kubwa. Ni lazima uchokozi uwe wa kumfanya mtu wa kawaida ashindwe kujizuia. Mwaka wa 1951 Mahakama ya Rufani ya Afrika ya Mashariki, katika kesi iliyotoka Uganda, iliamua kwamba hata imani ya kweli katika uchawi haiwi uchokozi yenyewe kwa yenyewe. Ni lazima kuwe na tendo la papo hapo, na ghadhabu ya papo hapo. Aliyekaa akawaza, akanoa panga, kisha akaenda usiku kumwua mzee anayemshuku, hana kinga hiyo.

Tuzingatie vema. Mtu wa kifungu cha 207 alikusudia. Alipomwinulia mwenzake kisu alitaka kumwua, na pengine alisema hivyo kwa sauti. Sheria inamhurumia kwa udhaifu wa kibinadamu. Haisemi kwamba hakukusudia. Lakini karani akilisoma shtaka lake kwa Kiswahili, husema "umeshtakiwa kwa kuua bila kukusudia". Hapa istilahi yetu imesema jambo lisilo kweli.

Ajali tupu

Kwa upande mwingine wapo watu walioua pasipo kukusudia, nao hawana kosa lolote. Kifungu cha 9 chasema kwamba, isipokuwa pale ambapo sheria yenyewe imetaja uzembe, mtu hawajibiki kwa tendo lililotokea pasipo hiari yake, wala kwa tukio lililotokea kwa ajali. Mkwezi wa Likoni aliye juu ya mnazi, aliyekwisha kuwaonya watu wasipite chini, akaangusha dafu likampiga mtu aliyetokea ghafla nyuma ya kichaka, ameua. Ameua bila kukusudia kwa kila maana ya lugha. Kwa sheria hana kosa, kwa sababu hakutenda lililo haramu wala hakuzembea wajibu wake.

Basi istilahi imemwingiza mkwezi asiyestahili kuingia, na imemwacha nje aliyeua kwa ghadhabu anayestahili kuwamo. Ndizo kasoro mbili tulizozitaja mwanzoni.

Sababu ya kifo

Kabla ya kurudi katika lugha, yafaa tuguse jambo moja zaidi. Mshtakiwa mara nyingi husema, "Si mimi niliyemwua, ni hospitali," au, "Ni yeye aliyejitupa." Kifungu cha 213 kimeyajibu maneno haya. Aliyemjeruhi mtu ahesabika kuwa amesababisha kifo hata kama majeruhi alikufa kwa sababu ya tiba aliyopewa, maadamu tiba hiyo ilitolewa kwa nia njema na kwa ujuzi wa kawaida. Ahesabika hivyo hata kama majeruhi angepona lau angekubali kutibiwa. Aliyeharakisha kifo cha mgonjwa ambaye angekufa hata hivyo, naye amesababisha kifo. Na kama genge la vijana limemfukuza mtu kwa visu hadi kivukoni, akajitupa majini kujiokoa akazama, genge hilo ndilo lililosababisha kifo, kwani kujitupa kwake kulikuwa ni njia ya kawaida ya kuukimbia ukatili.

Adhabu na maana yake

Kwa kifungu cha 205, adhabu ya juu ni kifungo cha maisha, lakini hakuna kima cha chini. Hakimu au jaji ana uwanja mpana wa kuamua, na upana huo umewahi kuleta machungu. Mwaka wa 1980, katika Mahakama Kuu ya Mombasa, baharia wa jeshi la maji la Marekani alikiri kosa hili kwa kumwua mwanamke Mkenya, mama wa watoto. Aliachiliwa kwa dhamana ya shilingi 500 na ahadi ya mwenendo mwema kwa miaka miwili. Nchi nzima ilighadhibika. Watu waliuliza uhai wa Mwafrika wathaminiwa shilingi ngapi, na swali hilo halikujibika kwa kutaja vifungu vya sheria.

Kesi za karibuni zimeonyesha upande mwingine. Mwaka wa 2016 Mahakama Kuu ya Mombasa iliwahukumu maafisa wawili wa polisi, waliokuwa wameshtakiwa kwa kuua kwa kukusudia, kwa kosa hili dogo badala ya lile kubwa, kwa kumpiga risasi msichana wa miaka 14 nyumbani kwao huko Kinango mwaka wa 2014. Kila mmoja alifungwa miaka saba. Mwaka wa 2021 mahakama hiyo hiyo iliwatia hatiani maafisa wanne kwa kosa hili hili, kwa kifo cha kijana Mwingereza kilichotokea mwaka wa 2012 baada ya kukamatwa kwake Diani. Kesi hizi zaonyesha kwamba kosa tunalolieleza si la walevi na wagomvi pekee. Ni chombo kimojawapo ambacho kwacho dola yenyewe huwajibishwa.

Pana pia makubaliano ya kukiri, yaliyoingizwa katika sheria ya mwenendo wa kesi za jinai mwaka wa 2008. Kwa njia hiyo mshtakiwa wa kuua kwa kukusudia huweza kukubaliana na upande wa mashtaka akiri kosa dogo. Mvuto wa makubaliano hayo ni mkubwa. Ijapokuwa Mahakama ya Juu iliamua mwezi wa Desemba 2017 kwamba adhabu ya kifo kwa kuua si ya lazima tena, adhabu hiyo ingalimo katika vitabu. Anayeambiwa achague kati ya jina lililo na kitanzi na jina lisilo na kitanzi atachagua la pili. Ni muhimu basi ajue jina hilo lina maana gani.

Neno "kusudi" na neno "kosa"

Neno "kusudi" lina asili ya Kiarabu, na maana yake ni nia ya kulielekea jambo. Kwa Mswahili, kinyume cha "kwa makusudi" ni "kwa bahati mbaya". Aambiwapo kwamba hakukusudia, huona kwamba ametolewa lawama, au angalau amepunguziwa. Fikira hii ina mizizi katika sheria ya Kiislamu iliyoijenga lugha ya maadili ya pwani. Sheria hiyo huweka daraja tatu katika madhehebu mengi, yakiwamo ya Shafii yaliyoenea pwani: kuua kwa makusudi, kuua kunakofanana na kwa makusudi, na kuua kwa kukosea. Aliyeua kwa kukosea hatolewi kisasi. Hutakiwa dia na kafara. Mzee wa Likoni asikiapo "bila kukusudia" huielekea daraja hiyo ya tatu, na hutazamia kwamba jamaa wawili watakaa, watasomeana fatiha, dia itatolewa, na jambo litakwisha.

Katika sheria ya Kenya jambo haliishi hivyo. Mahakama za Kadhi, kwa Katiba ya mwaka wa 2010, zina mamlaka juu ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi kwa Waislamu wanaokubali mamlaka hayo, wala hazina mamlaka ya jinai. Kweli, mwaka wa 2013 Mahakama Kuu huko Nairobi iliruhusu shtaka la kuua liondolewe baada ya jamaa za pande mbili kupatana kwa dini na mila. Lakini uamuzi huo ulizua mabishano, na haufai kuchukuliwa kuwa njia ya kawaida.

Neno "kosa" lina mtego wake. Katika Kiswahili neno hili hubeba maana mbili kwa pamoja: uhalifu, na kule kukosea ambako ni kutofika shabaha. Mwindaji hukosa, mwanafunzi hukosea, mhalifu hutenda kosa. Mshtakiwa asemapo, "Nimekosa, naomba msamaha," ni nani awezaye kusema kwa hakika kwamba amekiri uhalifu, wala hakusema kwamba mkono wake ulikosea? Hata kitenzi "kuua" chenyewe hakina nia ndani yake. Dereva aliyemgonga mtoto hushuka akilia, "Jamani, nimeua!" Hakuna amsikiaye adhaniye kwamba anakiri jinai.

Mahakamani

Sheria ilikwisha kuitambua hatari hii. Mwaka wa 1973 Mahakama ya Rufani ya Afrika ya Mashariki iliweka kanuni ambayo ingali inafuatwa. Shtaka, pamoja na viungo vyake vyote, lielezwe kwa mshtakiwa kwa lugha aielewayo. Jibu lake liandikwe kwa maneno yake mwenyewe kadiri iwezekanavyo. Kisha mshtaki aeleze mambo yalivyotokea, na mshtakiwa apewe nafasi ya kuyapinga au kuongeza neno. Akiyapinga kwa jambo la maana, kukiri kwake kufutwe na kesi isikilizwe. Katiba ya 2010 nayo imempa kila mshtakiwa haki ya kuelezwa shtaka lake kwa kina cha kutosha, na haki ya mkalimani bila malipo ikiwa haelewi lugha ya mahakama.

Mkazo uko katika lile neno "viungo". Haitoshi kulisoma jina la kosa. Yule kijana wa Bamburi aliyemsukuma mwenzake aulizwe: Ulimsukuma? Ulimsukuma kwa hiari yako, au ulijikwaa? Yeye alikuwa amekwisha kukupiga, nawe wajikinga? Alikufa kwa sababu ya kuanguka huko? Maswali haya ni ya Kiswahili chepesi, wala hayahitaji istilahi hata moja. Akiyajibu, mahakama itajua amekiri nini. Akiulizwa tu, "Uliua bila kukusudia, kweli si kweli?" naye akajibu, "Ni kweli," huenda mahakama imeandika hatia, hali yeye ametoa utetezi.

Hitimisho

Je, tuitupe istilahi? Hatudhani hivyo. "Kuua bila kukusudia" imekwisha kuenea katika magazeti, katika redio na katika mahakama za Kenya na Tanzania, na istilahi iliyozoeleka haiondolewi kwa makala moja. Lakini yafaa tujue inakokosea. Kwa maandishi ya kitaalamu twapendekeza maelezo "kuua kinyume cha sheria pasipo dhamira ovu iliyotangulia". Maelezo haya ni marefu, lakini humtoa mkwezi wa mnazi, kwa kuwa hakutenda lililo kinyume cha sheria. Kwa aliyeua kwa ghadhabu, maneno hayo hayamsingizii kwamba hakukusudia. Yanasema tu kwamba kusudi lake halihesabiwi kuwa dhamira ovu, kwa sababu ya uchokozi. Hivyo huyagusa mafungu yote mawili ya sheria bila kusema uongo juu ya lolote.

Kwa mahakamani twapendekeza jambo jepesi zaidi: kwamba jina lisichukuliwe kuwa ndilo shtaka. Mkalimani aeleze tendo, sababu na uharamu, kimoja kimoja, kwa Kiswahili cha mtu aliye mbele yake. Kazi hiyo huchukua dakika chache. Kutoifanya kwaweza kumgharimu mtu miaka mingi ya maisha yake, na kwaweza pia kuwanyima jamaa wa marehemu haki ya kuusikia mahakamani ukweli wa jinsi ndugu yao alivyokufa.